Pedi za sufu za kunyonyeshea: zinavuja, zinawasha, zinanuka? Tutafute chanzo

Pedi za sufu zinasifiwa sana, halafu mama akizipata wiki ya kwanza tu malalamiko yanaanza. Zinavuja, zinawasha, zinanuka kondoo, nimezifua zimesinyaa. Na jibu analopewa mara nyingi ni "sufu haikufai, rudi kwenye zile za kutupa." Mi naona hilo jibu linatolewa haraka mno, kwa sababu karibu kila moja ya hizo shida ina chanzo kinachojulikana, na vingi vinarekebishika kwa beseni la maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo cha lanolini, yaani nta ya manyoya ya kondoo. Vichache ambavyo havirekebishiki hivyo, basi shida haipo kwenye pedi, ipo kwenye titi, na hapo ndo pa kuwa makini zaidi.

Kwa hiyo kabla ya yote fanya hivi: toa pedi, kausha titi, kaa kama masaa mawili hivi bila kitu chochote, au vaa tu kitambaa laini cha pamba kama maziwa yanatoka. Kero ikiondoka, chunguza pedi, jinsi ilivyofuliwa na jinsi inavyokaa kwenye sidiria. Maumivu yakibaki palepale au yakizidi baada ya mtoto kunyonya, pedi ziache, ruka usome sehemu ya maumivu huko chini.

Jambo lingine la kujua mapema ni jinsi sufu inavyofanya kazi, maana ukilijua hili nusu ya maswali yanajijibu. Unyoya wa sufu kwa nje una magamba madogo sana ambayo hayapendi maji, ila ndani yake unanyonya unyevu mwingi, karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imelowa. Tatizo ni kwamba inanyonya polepole. Sio kama pamba inayodaka tone papo hapo. Halafu kuna lanolini, ile nta ambayo kondoo anaitoa kwenye ngozi yake ikapaka manyoya, hiyo ndo inafanya maziwa yasipenye kwenda upande wa blauzi. Pedi yenye lanolini ya kutosha inabaki na unyevu ndani yake na hewa inapita, pedi iliyoishiwa lanolini ni kitambaa tu cha kawaida.

Zinavuja mpaka blauzi inalowa

Hili ndo lalamiko namba moja, na lina vyanzo vingi kwa hiyo tulipitie taratibu.

Anza na jaribio la tone. Chukua pedi iliyokauka kabisa, igeuze upande unaokaa nje, dondoshea tone moja la maji kwa ncha ya kidole. Tone likikaa juu, la mviringo, linang'aa na ukitikisa linateleza, lanolini ipo. Likizama ndani ya sekunde chache na kuacha doa jeusi-jeusi la unyevu, lanolini imeisha. Inaisha kwa kufua, hasa ukitumia sabuni ya unga ya kawaida au sabuni ya vyombo ambayo kazi yake ni kuondoa mafuta, inaondoa na hayo uliyokuwa unayahitaji.

Kuirudisha sio kazi kubwa. Chukua lanolini safi, ile ile inayouzwa kwa ajili ya chuchu inafaa, kama nusu kijiko cha chai kwa jozi mbili tatu. Weka kwenye chupa ya kioo inayostahimili joto, mimina maji ya moto, ongeza matone machache ya sabuni ya sufu au sabuni ya maji ya mtoto, kisha koroga au tikisa taratibu mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Hiyo sabuni usiiache, bila sabuni lanolini inaelea juu na itakuja kunata kwenye pedi madoa madoa. Sasa mimina huo mchanganyiko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yapoe mpaka mkono wako hausikii moto, ndo uzamishe pedi zilizokwisha fuliwa na zikiwa bado mbichi. Ziache masaa kadhaa, au usiku mzima. Zitoe, zibanie kwenye taulo bila kusokota, zilaze bapa zikauke. Zikikauka zitakuwa na mnato kidogo mkononi, hiyo ni kawaida, mnato mwingi ndo tatizo na tutafika huko. Kurudia ni kila baada ya wiki 3 mpaka 6 hivi, lakini mi nakushauri ulifuate lile tone kuliko kalenda.

Sasa kama tone linakaa vizuri juu na bado unavuja, angalia haya. Je umepaka krimu nyingi kwenye chuchu? Krimu ikihamia upande wa ndani wa pedi, upande ambao ndo unatakiwa unywe maziwa, inaziba, na maziwa yanateleza pembeni badala ya kuingia ndani. Paka kiasi cha punje ya mchele tu, halafu ngoja dakika chache ndo uvae pedi. Je umevaa upande sahihi? Nyingi zina upande mmoja laini zaidi, wakati mwingine wa hariri, huo unakaa kwenye ngozi, na ule wa sufu nzito unatazama nje. Ukigeuza, umeweka ukuta upande wa maziwa.

Je pedi inagusa titi pande zote? Hii watu wanaisahau sana. Sufu inakunywa polepole kwa hiyo inahitaji kulala imegusana na ngozi, kukiwa na uwazi maziwa yanatiririka chini ya pedi na kutokea ukingoni kabla hayajanyonywa. Dalili yake ni kwamba blauzi inalowa kwa chini tu, mstari kama mwezi mchanga, na pedi yenyewe katikati bado kavu. Hapo shida ni sidiria iliyolegea au pedi ndogo kwa titi lako. Pedi mpya nazo huwa ngumu-ngumu hazipindi, lanolini inaanza kulainika kwenye joto linalokaribia la mwili, basi zishike katikati ya viganja dakika moja mbili, zipinde kidogo zipate umbo, ndo uvae. Baada ya kufuliwa mara kadhaa zinatulia zenyewe.

Halafu kuna maziwa yanayotoka kwa kasi. Mtoto akiwa ananyonya titi hili, lile jingine linamwaga, kwa sababu homoni ya oksitosini haichagui upande, ikitoka inasukuma matiti yote mawili. Hata ukisikia mtoto analia, hata wa jirani, inaweza kutoka. Hiyo mitiririko hakuna pedi ya sufu itakayoidaka yote na sio kosa lake. Ukisikia ule msisimko unaanza, bonyeza titi kwa kiganja au kwa mkono uliokunja kifuani, moja kwa moja kuelekea mbavuni, shikilia mpaka utulie. Au wakati wa kunyonyesha weka kikombe cha kukingia upande wa pili uyahifadhi, na pedi uvae ukimaliza. Usiku vaa mbili mbili, nyembamba ndani na nene nje.

Na mwisho kabisa, labda imejaa tu. Kwa vile sufu haikupi ile hisia ya ubaridi mapema, mama anasahau kubadilisha. Ukiibana katikati ya vidole ukaona unyevu unatoka, badilisha. Wiki za mwanzo hii inaweza kuwa kila baada ya masaa mawili matatu, kwa hiyo jozi mbili hazikutoshi, na kwa jinsi sufu inavyochelewa kukauka mi ningesema angalau jozi 4 mpaka 6.

Zimesinyaa, zimekuwa ngumu

Yale magamba niliyosema hapo juu ndo yamefanya hivyo. Joto, maji na kusuguliwa vikikutana, magamba ya unyoya huu yanajipachika kwenye ya unyoya ule na hayaachiani tena. Ndo maana mashine ya kufulia kwenye mzunguko wa kawaida inaziua kwa mara moja. Kubadilisha maji ghafla, kutoka ya moto kwenda ya baridi, nako kunachangia. Iliyosinyaa kabisa hairudi, usipoteze muda kuivuta. Ila iliyosinyaa kidogo, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya sufu, ivute taratibu ikiwa mbichi mpaka upate umbo la bakuli, ilaze ikauke hivyo hivyo, angalau itavalika. Na ile ndogo iliyokuwa nene sana inafaa kuongezwa nje ya nyembamba usiku.

Lakini ugumu sio lazima uwe wa kusinyaa. Kama ukubwa ni uleule na pedi inakwaruza tu, hayo ni maziwa yaliyokauka ndani, loweka na suuza. Kama inanata na kuacha mafuta kwenye sidiria, umezidisha lanolini au haikuchanganyika vizuri na sabuni, ioshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, itapungua.

Kufua kwenyewe ni hivi: maji yasizidi nyuzi 30, sabuni ya sufu au yoyote laini isiyo na enzaimu, zamisha, bonyeza bonyeza, suuza kwa maji ya joto lile lile. Enzaimu nimezitaja kwa sababu sufu ni protini, na sabuni nyingi za unga zina enzaimu ya kumeng'enya protini, yaani inayoondoa doa la damu au la maziwa ndo hiyo hiyo inayokula pedi. Dawa ya klorini usiikaribishe kabisa, inaiyeyusha sufu, na hilo sio neno la kutia chumvi, ukiiacha kwenye klorini kali ya kutosha unakuta imebaki uji. Usianike juani kwenye jua kali muda mrefu wala juu ya hita.

Zinanuka

Harufu ya kondoo zikiwa mbichi ni ya lanolini, inaondoka zikikauka. Hiyo isikusumbue. Harufu ya uchachu ni maziwa. Sufu hauhitaji kuifua kila ukiivua, ukiivua yenye unyevu kidogo itundike kwenye hewa, ikikauka kabisa unaweza kuivaa tena, na faida yake ni hiyo. Lakini iliyolowa kabisa isuuze siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo ya moto. Kosa kubwa ni kuifungia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi na kuisahau humo, maziwa yanachacha na mafuta yake yanaingia kwenye nyuzi. Beba kimfuko cha kitambaa. Ikiwa tayari inanuka, loweka dakika 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha siki nyeupe, fua, kausha, kisha irudishie lanolini, maana pedi iliyoishiwa lanolini inawahi kunuka.

Zinawasha

Uliza kwanza mwasho uko wapi na ulianza lini. Ukivaa tu ndani ya dakika chache unahisi vijichomo, na ngozi haina vipele, huo ni unene wa unyoya. Ncha za nyuzi nene zinachoma ngozi badala ya kupinda. Sufu nzuri ya merino, kondoo wa manyoya laini, ina unene wa maikroni 17 mpaka 22 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zikifika 30 karibu kila mtu anahisi. Tiba ni kuweka hariri au pamba nyembamba katikati, au kutafuta pedi zilizoandikwa merino.

Vipele vyekundu, ngozi inayomenyuka, mwasho unaokuja baada ya siku moja mbili na kubaki hata ukivua, hapo shuku mzio. Mara nyingi sio wa sufu yenyewe, ni wa lanolini, na wenye historia ya ukurutu ndo wanaupata zaidi. Jaribu: paka lanolini kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, uone. Ukithibitisha, achana na sufu na achana pia na krimu ya chuchu yenye lanolini, maana ukiacha moja na kubaki na nyingine hujafanya kitu.

Na kuna mwasho wa ngozi iliyolowa muda mrefu. Chuchu inakuwa nyeupe, imevimba-vimba kama vidole vilivyokaa kwenye maji. Hapo badilisha pedi mara nyingi zaidi na uipe ngozi hewa kila baada ya kunyonyesha. Usivae pedi mpya hata moja kabla hujaisuuza.

Imenata kwenye kidonda

Tafadhali usiivute. Ukiwa na ufa kwenye chuchu, majimaji ya kidonda na maziwa vinakauka pamoja na nyuzi, ukivuta unaondoka na kigaga kilichoanza kupona. Kamulia maziwa kidogo juu ya pedi au weka maji ya uvuguvugu, ngoja dakika mbili tatu, ikikubali yenyewe ibandue kutoka pembeni ukielekea katikati. Angalia kama kuna nyuzi zimebaki, zitoe kabla mtoto hajashika titi. Mpaka ufa ufunge, paka lanolini kidogo na tumia yenye hariri ndani. Ila ufa una chanzo chake, na mara nyingi ni mtoto kushika ncha ya chuchu tu badala ya kujaza mdomo kwa sehemu kubwa ya ile ngozi nyeusi inayoizunguka. Bila kurekebisha hilo, pedi yoyote itakuwa ya kufunika tu. Mwombe mkunga au nesi akuangalie ukiwa unanyonyesha, sio akusikilize tu ukieleza.

Maumivu ambayo sio ya pedi

Chuchu ikigeuka nyeupe mara baada ya mtoto kuachia, halafu zambarau, halafu nyekundu, na maumivu ya kuunguza, hasa kukiwa na baridi, hiyo ni mishipa ya damu kubana. Hapa sufu inasaidia kweli kweli, ikinyonya unyevu inatoa joto kidogo na inazuia upepo. Vaa pedi kavu iliyokwisha pata joto, mara tu mtoto anapoachia. Pedi iliyolowa inafanya kinyume, inapoza. Na ushikaji wa mtoto nao uangaliwe, kwa sababu chuchu inayobanwa kwenye kaakaa inaweza kuleta dalili hiyo hiyo.

Maumivu ya kuunguza au kuchoma kama sindano, kwa matiti yote mawili, yanaendelea hata baada ya kunyonyesha, chuchu inang'aa au inamenyuka, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika kirahisi, hiyo inaweza kuwa fangasi. Nenda kliniki wewe na mtoto, mnatibiwa pamoja hata kama mmoja haonyeshi dalili. Pedi za sufu zisimamishe kabisa kwa wakati huo. Vitambaa vya fangasi vinatakiwa vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, na sufu haiwezi kustahimili hayo. Tumia za pamba unazoweza kuzifua kwa moto, au za kutupa, na zile za sufu ulizokuwa umevaa kipindi hicho mi ningezitoa kwenye matumizi kuliko kubahatisha.

Sehemu ya titi ikiwa nyekundu, ya moto, inauma, na wewe unasikia homa na mwili kuuma kama una mafua makali, kipimajoto kikasoma 38.5 au zaidi, usikae ukibadilisha pedi. Legeza sidiria, toa pedi nene yoyote inayokandamiza, endelea kunyonyesha kama kawaida, usikande kwa nguvu wala kukamua kupita kiasi, weka kitambaa cha baridi, na umwone mtoa huduma siku hiyo hiyo. Ukisubiri sana panaweza kutunga usaha.

Rangi kwenye pedi

Pedi za sufu ambayo haijapakwa rangi zinaonyesha kila kitu, na hilo ni jambo jema. Njano ni lanolini na maziwa, yanakubalika, usihangaike kung'arisha. Krimu nzito au dhahabu siku za mwanzo ni maziwa ya kwanza. Kahawia au pinki siku chache baada ya kujifungua, au ukiwa na ufa, kwa kawaida ni damu kidogo na mtoto hadhuriki. Ila damu ya titi moja, bila ufa wowote, inayoendelea zaidi ya wiki moja, ikapimwe.

Ghafla pedi hazilowi tena

Mama anashika pedi asubuhi, kavu, roho inamruka, maziwa yamekauka! Mara nyingi sivyo. Baada ya wiki 6 mpaka 10 hivi mwili unazoea kutengeneza kile anachokunywa mtoto na kuvuja kunapungua, wengine kunaisha kabisa, na titi linakuwa laini halijajaa kama mwanzo. Usipime maziwa kwa pedi, pima kwa mtoto: nepi zilizolowa mkojo 6 au zaidi kwa masaa 24, na uzito unaopanda kwenye kadi yake ya kliniki. Vikiwepo hivyo viwili, ukavu wa pedi hauna maana yoyote.

Hapo unaweza kuanza kuzihifadhi, na ziko salama kwa mtoto wa pili ukizilinda na nondo. Mdudu anayekula sio yule anayeruka, ni funza wake, na anapenda sufu yenye jasho na maziwa kuliko sufu safi. Kwa hiyo zifue vizuri, zikauke mpaka katikati, ziweke kwenye mfuko uliofungwa barabara. Ukikuta vitundu vidogo, usizitupe zote, zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa wiki 2, kisha zikung'ute, zifue, zirudishie lanolini, halafu angalia na sweta zilizokuwa kabati hilo hilo.